Raba Moja ya Kushoto

Shangazi Somoe alinipigia simu siku ya Jumatano, kipindi cha tatu kikiwa katikati. Kwa kuwa sina desturi ya kupokea simu mbele ya wanafunzi, alipiga mara nne. Mara ya nne nilitoka nje.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Twalib, kesho asubuhi mama yako anatoka eda, na nasikia gari halijaguswa.”

“Kesho? Eda inaisha Jumatatu, shangazi. Nimeandika.”

“Umeandika wapi?”

“Kwenye kalenda.”

“Ile ya ukutani?” Alicheka kicheko kifupi, kisha akakikata. “Mwalimu mzima! Ile ni kalenda ya mishahara. Eda inafuata mwezi unaoandama: miezi minne na siku kumi. Mie nimehesabu, mama yako kahesabu, mpaka jirani zenu wamehesabu. Kesho! Na yule Daniel, mnunuzi, nimeshamwambia aje hapa Bunju kuliangalia. Sitaki kumzungusha mtu wa watu.”

Akakata simu.

Kanuni hiyo niliijua tangu chuoni, nikiwa bado nashika juzuu. Lakini siku tulipomzika baba nilifungua kalenda ya shule, nikahesabu miezi minne ya kawaida, nikaongeza siku kumi, nikaizungushia Jumatatu duara jekundu. Kisha nikapanga kila jambo kulielekea duara hilo. Ijumaa ningenunua vifaa, Jumamosi ningelipeleka gari gereji, Jumapili ningelijaribu barabarani. Mpango ulikuwa umenyooka, ila ulichelewa siku nne.

Gari lenyewe lilikuwa la baba, karani mstaafu wa bandari. Lilikuwa saluni nyeupe yenye umri wa miaka ishirini na mitano. Springi zake zilikuwa zimechoka na shokapu zote nne zilikuwa zimekwisha, kiasi kwamba kila shimo la barabara lilipokewa na mgongo wa abiria. Tena lilikuwa limeinamia upande wa kulia. Nililiegesha shuleni mara chache, na kila mara walimu wenzangu waliniuliza linatega sikio kusikiliza nini.

Baba aliniambia mara mbili kwamba shokapu zinahitaji kubadilishwa. Nilimjibu kwamba tungesubiri likizo, tulifanye kwa utaratibu. Likizo haijafika, akazidiwa. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama, nikaendesha kutoka Mtoni hadi hospitali. Kila tulipotumbukia shimoni, alitoa sauti. Nilipunguza mwendo mpaka waenda kwa miguu wakatupita. Baada ya safari hiyo aliishi siku mbili.

Siku ya tatu ya msiba, mama akiwa ameketi kwenye mkeka, aliniita nikainama.

“Hilo gari lilimtesa mume wangu,” alisema. “Nikitoka eda litanipeleka Bunju, alikolala. Likinitendea kama lilivyomtendea yeye, liuzwe hukohuko. Sitaki kuliona tena mlangoni.”

Sikubishana naye. Lakini sikutaka liuzwe kwa hukumu hiyo, kwa sababu gari halikujiendesha lenyewe siku ile. Likihukumiwa gari, aliyekuwa ameshika usukani amehukumiwa pia.

Nilimwomba Mwalimu Adelina anishikie vipindi vilivyobaki, nikaenda Kipawa.

Duka la vifaa vya magari la marehemu Abbasali sasa linaendeshwa na binti yake, Maliha, mwanamke wa makamo ambaye alijifunza kusoma kwa kufuatisha namba za maboksi ya baba yake. Aliponiona alivua miwani.

“Mwalimu! Si uliniambia Ijumaa?”

“Nilihesabu kwa kalenda ya ukutani. Mama anatoka kesho.”

“Ya ukutani?” Akashika shavu. “Hata sie, msikitini kwetu, tunahesabu kwa mwandamo, mwalimu. Ungeniuliza mie tu.”

Alipanga juu ya kaunta shokapu nne, springi mbili za mbele na mbili za nyuma, pamoja na vikombe vya mpira vinavyokaa juu ya shokapu. Nilizilinganisha namba moja baada ya nyingine na zile nilizokuwa nimeandika. Maliha alinitazama kwa subira ya mtu aliyezoea wateja wa aina yangu.

“Na raba?” aliuliza.

“Raba gani?”

“Ile nene, inayopenyezwa katikati ya springi kuinyanyua gari kidogo. Baba yako, Mzee Salumu, alikuwaga anakuja kuichukua, kila ikichakaa. Nyuma kushoto. Moja.”

“Moja? Vifaa vya gari hununuliwa jozi.”

“Ndivyo nilivyomwambia mie. Akasema, ‘Binti Abbasali, nipe moja.’ Basi nikampa.”

“Springi ni mpya,” nilisema. “Hatutahitaji raba.”

Maliha alivaa miwani yake, akaanza kufunga mzigo.

Ilipata saa tano na nusu nilipofika na gari kwenye gereji ya Ferdinand, nyuma ya soko la Mtoni. Ferdinand ni fundi mnene wa kimo kifupi, mwenyeji wa Moshi. Anapenda kuzungumza na gari kuliko kuzungumza na mwenye gari. Siku hiyo alinitazama mimi kwanza.

“Mwalimu, si ndo wewe uliniandikia ratiba? Jumamosi, saa mbili kamili?”

“Ratiba imebadilika. Nalihitaji leo.”

“Leo leo?”

“Leo leo.”

“Kumbe hata nyie walimu mnachelewaga.” Akapiga mluzi, akamwaga vifaa juu ya turubai. “Haya. Tunaanza mbele.”

Alipandisha gari juu ya jeki, akalipumzisha kwenye magogo, akatoa tairi za mbele. Shokapu ya kwanza ilipotoka ikiwa imezungukwa na springi yake, aliivuta kamba ya manila kutoka chini ya benchi. Nilimuuliza kamba hiyo ni ya nini.

“Ya kubania springi. Tunaikunja, tunaifunga, tunafungua nati ya juu. Dakika kumi.”

“Ikikatika?”

“Haijawahi kukatika.” Akafikiri. “Ilikatika mara moja, lakini hapakuwa na mtu upande huo.”

“Kuna chuma maalumu cha kubania springi.”

“Kipo, kwa Cyprian, hapo ng’ambo. Lakini Cyprian mwenyewe kaenda nacho Mbagala.”

“Tutamsubiri.”

“Mwalimu, umeniambia leo leo.”

“Leo, Ferdinand, na vidole vyako vyote kumi.”

Alirudisha kamba chini ya benchi, akawasha redio. Nikasubiri. Adhana ya adhuhuri ilitolewa, nikaenda kuswali, nikarudi, Cyprian hajarudi. Nilitembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni mwa gereji, nikageuka. Nilisoma maandishi ya kila boksi. Niliupanga upya mstari wa spana za Ferdinand kufuata ukubwa wake, kutoka namba nane hadi namba ishirini na nne. Nilipiga hesabu ya saa zilizobaki kabla ya magharibi, kisha nikaipiga tena nikitumaini itatoa jibu jingine.

“Mwalimu, kaa chini,” alisema Ferdinand. “Unanikanyagia nati. Na spana zangu umezipanga vizuri mpaka sizioni.”

Saa nane na nusu Cyprian alirudi, chuma kikiwa begani. Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Springi za zamani zilipotolewa na kusimamishwa kando ya mpya, zilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Shokapu ya zamani ya mbele, Ferdinand alipoisukuma kwa kiganja, ilizama na kubaki imezama, wala haikujaribu kurudi. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipofika nyuma kushoto, Ferdinand alichuchumaa.

“Hee. Njoo uone, mwalimu.”

Katikati ya mizunguko ya springi hiyo palikuwa na raba nene nyeusi, yenye mwanya mmoja. Ilikaa kama kipande cha muwa katikati ya meno. Ferdinand aliangalia springi ya kulia: haikuwa na kitu.

“Kaweka nani hii?”

“Baba.”

“Upande mmoja tu? Ndo maana gari inainamia kule. Imenyanyuliwa huku.” Akanitazama. “Unajua kwa nini?”

Nilijua alichosema Maliha, lakini sikujua sababu, na saa ilikuwa inakwenda. Gari lilikuwa limeinama kwa miaka, na sasa chanzo chake kilikuwa mbele yangu, kitu cha kutolewa kwa mkono mmoja.

“Itoe,” nilisema. “Pande zote ziwe sawa.”

Aliitoa, akaitumbukiza kwenye kiroba pamoja na shokapu na springi kuukuu, akakipakia kiroba kwenye buti. Ferdinand halazi gerejini kwake kitu kilichotoka kwenye gari la mtu. Spea ya zamani huondoka na mwenyewe, asije akasema kesho kwamba haikubadilishwa.

Alitaka kukaza boliti za mikono ya chini, ile inayoshika tairi, gari likiwa bado juu ya magogo. Nikamsihi alishushe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo akaze, la sivyo bushi zake za mpira zingejipinda na kuchanika baada ya wiki chache. Aliniuliza kama chuo cha ualimu kilikuwa na gereji. Hata hivyo alilishusha, akalala chini, akakaza.

Hatimaye alipanda kwenye bampa ya nyuma, akaruka juu yake kwa uzito wake wote, akashuka. Gari lilizama, likainuka mara moja, likatulia. Nilitoa futi kamba mfukoni, nikapima kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi. Kushoto na kulia vipimo vilikuwa sawa.

“Imenyooka kama andalio lako la somo,” alisema Ferdinand. “Kalale sasa.”

Nilifika nyumbani jua likiwa halijazama. Mama alikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akaliachia pazia lishuke.

Asubuhi majirani walimwogesha, wakamvisha kanga mpya za rangi baada ya miezi minne ya nguo zisizo na nakshi, wakamfukiza udi. Alitoka mlangoni akiwa ameshikwa mkono pande zote mbili. Mama ni mtu aliyejaaliwa mwili, na nyonga yake ya kushoto ina maradhi ya miaka mingi. Kwa hiyo tangu zamani hukaa nyuma, upande wa kushoto, kiti cha mbele yake kikisogezwa ili aunyooshe mguu. Alisema “Bismillahi,” akakaa.

Gari lililala upande wa kushoto.

Nilikwishaketi kwenye usukani, nikalihisi kabla sijaliona. Mama aliteleza kidogo kuelekea mlangoni, akaushika mpini ulio juu ya dirisha.

“Mama, umekaa vizuri?”

“Nimekaa ndani miezi minne. Twende.”

Tulitoka Kilwa Road, tukashika Mandela. Springi zilifanya kazi yake, na shokapu zilimeza matuta kama nilivyotarajia. Lakini kwenye kila kona mwili wa mama ulikwenda mlangoni, naye akauzuia kwa mguu mbovu. Katika kioo niliona mikono yake miwili imeung’ang’ania mpini, midomo imefumbwa. Nilijua sura ile. Aliivaa siku ile ya hospitali, kichwa cha baba kikiwa mapajani mwake. Nilipunguza mwendo. Nyuma yangu magari yakaanza kupiga honi. Nikapunguza zaidi, na mama akafumba macho.

Bunju ilikuwa mbali. Daniel alikuwa tayari anasubiri huko. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama, nikayapangua, na katika kupangua huko sauti ya Maliha ilinijia: nyuma kushoto, moja.

Tulipofika Tabata niliingia pembeni ya kituo cha mafuta, nikasimama.

“Mbona umesimama?” mama aliuliza.

“Gari limelala upande wako.”

“Nimeliona tangu mlangoni. Nikadhani ndo upya wenyewe.”

“Baba alikuwa ameweka raba upande huo. Nimeitoa mimi jana.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa moja tu, mama. Gari lilikuwa limeinama.”

“Liliinama likiwa na nani ndani?”

Ni swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi. Nililiona gari limeinama shuleni, mlangoni petu, gerejini; kila mara likiwa tupu. Mama alipokuwa ndani, nami nilikuwa ndani, kwenye usukani, nikitazama mbele. Sikuwahi kusimama nje nikalitazama likiwa limempakia.

“Kiroba kiko nyuma,” nilisema. “Nipe nusu saa. Shuka kidogo, nikuombee kiti pale kivulini.”

“Sishuki. Nimeogeshwa, nimevishwa, nimefukizwa. Mguu wangu wa kwanza nje ya nyumba yangu ukakanyage oili? Tena nikishuka utapima nini?”

Basi nilitia mawe mbele na nyuma ya tairi, nikapiga jeki, na tairi la akiba nikalisukumia chini ya bodi kwa tahadhari. Mama alipanda taratibu pamoja na gari, akiwa ameshika pochi yake mapajani kama mtu aliye kwenye lifti ya ofisi ya serikali. Mhudumu wa pampu alisimama na bomba mkononi kututazama. Mama alimsalimia kutoka juu.

Tairi liliponing’inia, mizunguko ya springi ilifunguka. Niliitoa raba kwenye kiroba, nikaipaka maji ya sabuni niliyopewa na watu wa kituo. Ilikuwa na ufa mmoja pembeni, lakini ilikuwa nzima. Nilianza kuipenyeza. Dirisha la mama lilikuwa wazi juu ya kichwa changu.

“Baba yako alikuwa anafanya hivyohivyo,” alisema. “Nikiwa ndani. Ananiambia, ‘Kaa, mama Twalib, natazama upepo.’ Upepo gani unatazamwa kwa futi kamba? Ananipandisha, ananishusha, anapima, ananipandisha tena.”

“Ulijua?”

“Miaka kumi na mitatu nimejifanya sijui. Mume akikuficha uzito wako, unamwacha afiche.”

Raba iliingia nusu, ikakwama. Niliisukuma kwa kisigino cha mkono. Nilikuwa nimelitazama tairi, si uso wake, na labda ndiyo maana nilithubutu.

“Mama, siku ile. Niliendesha vibaya?”

Lori lilipita, vumbi likatupita nalo.

“Uliendesha polepole,” alisema.

“Mashimo yalikuwa—”

“Aliniambia, ‘Mwambie asipunguze. Afike tu.’ Alisema mara mbili. Mimi sikukwambia. Kila ukitumbukia shimoni nilikuwa natetemeka mimi, nikakuachia uende polepole.” Nilisikia pochi ikifunguliwa na kufungwa. “Halafu nikalisingizia gari. Hiyo raba imeingia?”

Nilisukuma mara ya mwisho, ikaingia. Nilishusha jeki, nikapima. Kushoto palizidi kwa nusu sentimita. Niliigeuza raba kidogo, nikapima tena. Mama hakuuliza lolote kuhusu upepo.

Kutoka Ubungo hadi Mwenge, na kutoka Mwenge kuishika Bagamoyo Road, gari lilikwenda likiwa wima. Kwenye kona mama alikaa pale alipokaa. Alianza kutazama nje. Aliuliza ghorofa lile limejengwa lini, na duka lile limehamia wapi. Huko Boko aliuliza kama kweli watu wananunua maji kwa bei ile iliyoandikwa.

Tulipofika Bunju tuliiacha lami, tukaingia njia ya udongo ambayo mvua za masika zilikuwa zimeichimba mifereji. Hapo ndipo ugonjwa wa mguu wangu uliporudi. Mfereji wa kwanza niliuona kwa mbali, nikakanyaga breki. Wa pili nikakanyaga zaidi. Katika kioo nilikutana na macho ya mama.

“Twalib.”

“Naam, mama.”

“Usipunguze.”

Niliuondoa mguu kwenye breki. Gari liliingia kwenye mfereji, likazama, likainuka mara moja, likatulia. Likaingia kwenye mwingine. Mama aliuachia mpini, mikono yake ikarudi mapajani, na hakuiinua tena hadi tulipofika.

Shangazi Somoe alikuwa barazani, chai iko tayari. Pembeni yake alikaa mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi, Daniel, na miguu yake ilikuwa inachezacheza kwa kusubiri. Nilimfungulia mama mlango. Aliweka mguu wake wa kwanza chini, akatulia juu yake, akauweka wa pili. Nyuma yake gari lilipumua, upande wa kushoto ukapanda, likainamia kulia kama lilivyoinama miaka yote.

Daniel alikwishasimama, analizunguka. Alichuchumaa, akafumba jicho moja.

“Mama, pole na msiba,” alisema. “Lakini nyie mlisema limetengenezwa. Hii gari mbona imeinama?”

“Imeinama kwa sababu nimeshuka,” mama alimjibu. Kisha akamgeukia wifi yake. “Somoe, mpe mgeni chai, anywe, aende zake kwa amani. Gari haliuzwi. Twalib, pochi yangu niachie humohumo kitini, nitarudi nalo.”

“Haliuzwi?” alisema shangazi. “Na mie nilivyomsumbua mtu wa watu?”

“Mwambie ulikosea kuhesabu.”

Mama alikwishaanza kutembea, akiuzunguka ukuta wa nyumba kwenda nyuma, alikolala baba. Daniel alinitazama, akangoja nimweleze. Nilikuwa na futi kamba mfukoni. Sikuitoa.